Katuni Zimekatwa, Habari Zimeingia: Nani Anamkumbuka Mtoto?

Unaikumbuka Machi 2021? Tanzania ilikuwa imempoteza Rais John Magufuli, aliyefariki tarehe 17 ya mwezi ule. Jioni moja mtoto wa dada yangu, umri wake miaka mitano, alikaa mbele ya TV akisubiri katuni zake kama kawaida. Akabonyeza rimoti. Kituo cha kwanza, nyimbo za maombolezo. Cha pili, nyimbo za maombolezo. Cha tatu, watu wazima wanalia barabarani. Akageuka akaniuliza:

"Mama mdogo, na katuni nazo zimekufa?"

Watu wazima tuliokuwepo tulicheka kidogo, kisha tukarudi kutazama habari. Hakuna aliyemjibu, hata mimi. Usiku ule alikojoa kitandani, na kumbe jambo hilo alikuwa ameliacha zaidi ya mwaka mzima.

Sisemi vituo vya TV vilikosea. Taifa likipata msiba, habari lazima zitangazwe. Lakini swali la yule mtoto limenikaa kichwani mpaka leo. Habari kubwa inapoingia na kipindi cha watoto kikaondolewa, nani anamkumbuka mtoto? Je, kuna nchi iliyowahi kukaa chini na kuliandikia jambo hili sheria?

Ndiyo, ipo. Marekani wameliandikia sheria inayohesabu mpaka saa. Hebu tuiangalie, maana ina somo kwako wewe ambaye pengine ndiye kaka au dada mkubwa nyumbani.

SHERIA YA SAA TATU

Kwanza elewa msingi wake. Mawimbi ya hewani yanayobeba picha za TV hayana mwenyewe mmoja. Ni mali ya umma. Kituo kinapewa leseni ya kuyatumia na kupata faida, na kwa upande wake kinatakiwa kuwahudumia wananchi. Watoto nao ni wananchi.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Televisheni ya Watoto. Rais wa wakati ule, George H. W. Bush, hakuitia saini wala hakuikataa, ikawa sheria bila saini yake. Sheria ilipunguza matangazo ya biashara katika vipindi vya watoto: yasizidi dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 kwa saa siku za kazi. Pia ilisema kituo kikiomba kuendelea na leseni kitaulizwa: watoto umewafundisha nini?

Wenye vituo wengine wakaleta ujanja. Walipoulizwa vipindi vyao vya elimu, walitaja katuni za kuchekesha tu. Kituo kimoja kilidai kuwa The Jetsons, katuni ya familia inayoruka angani kwa magari ya ajabu, inawafundisha watoto maisha ya karne ya 21! Watu walicheka, lakini watetezi wa watoto walikasirika.

Kwa hiyo mwaka 1996 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, inayojulikana kwa kifupi kama FCC, ikaweka kipimo kisichokwepeka. Kila kituo kionyeshe angalau saa 3 kwa wiki za vipindi vilivyotengenezwa kwa lengo la kuelimisha watoto wa miaka 16 na chini. Kipindi kiwe na urefu wa angalau nusu saa, kiwe na siku na saa yake maalum kila wiki, na kisiwekwe usiku wa manane watoto wamelala. Vipindi hivyo hubeba alama ya E/I kwenye kioo ili mzazi avitambue.

Piga hesabu kidogo. Wiki ina saa 168. Saa 3 ni chini ya asilimia 2. Ni kidogo mno, na ndiyo maana hicho kidogo kinalindwa. Mwaka 2007 kampuni ya Univision ilikubali kulipa dola milioni 24 baada ya kuhesabu tamthilia za kimapenzi na za familia kama vipindi vya elimu kwa watoto. Unaona kwamba si mchezo.

Mwaka 2019 FCC ililegeza masharti. Sasa kituo kinaweza kuhesabu kwa mwaka mzima, yaani saa 156, ambazo ni sawa na saa 3 mara wiki 52. Sehemu ya saa hizo zinaweza kuwa vipindi maalum visivyo vya kila wiki. Lakini sehemu kubwa bado inatakiwa iwe na ratiba ya kila wiki.

HABARI ZA DHARURA ZIKIINGIA

Sasa tufike kwenye swali letu. Tuseme ni Jumamosi asubuhi na kipindi cha sayansi cha watoto kinaendelea. Ghafla kioo kinabadilika: "Tunakatisha kipindi hiki..." Je, kituo kimevunja sheria?

Jibu linategemea kilichokatisha kipindi.

Kama ni mechi ya mpira, kituo kina deni. Kipindi kilichoondolewa kinatakiwa kirushwe siku nyingine na watazamaji waambiwe lini. Tatizo hili ni kubwa zaidi upande wa magharibi wa Marekani, kwa sababu saa zao ziko nyuma. Mechi inayoanza saa sita mchana New York inaonekana saa tatu asubuhi Los Angeles, wakati ule ule wa vipindi vya watoto.

Kama ni habari za dharura, yaani tukio zito linalotokea sasa hivi na ambalo hakuna aliyelipanga, kituo hakina deni. Kipindi kinahesabiwa kana kwamba kimeonyeshwa, wala si lazima kirudiwe. Tangu 2019 msamaha huu umepanuliwa, ukafika pia kwenye matangazo ya moja kwa moja yasiyo ya kila siku ambayo kituo chenyewe kinayatengeneza kwa ajili ya watu wa eneo lake.

Utasema, "Mbona wamewaonea watoto?" Subiri kwanza. Msamaha huu una sababu nzuri.

Sababu ya kwanza ni uhai. Katika majimbo kama Oklahoma na Kansas kuna kimbunga kiitwacho tornado, upepo unaozunguka kwa nguvu ya kung'oa nyumba. Ukionekana unakuja, watu wana dakika chache tu za kukimbilia chumba cha chini ya ardhi. Kituo kikisubiri katuni iishe kwanza, watu watakufa, na watoto watakuwa miongoni mwao.

Sababu ya pili ni uhuru wa kuamua. Mhariri aliyepo zamu hatakiwi kujiuliza, "Nikikata kipindi hiki tutapigwa faini?" Anatakiwa awaze jambo moja tu: wananchi wanahitaji kujua nini sasa hivi?

Kwa hiyo msamaha una haki yake. Mimi ningekuwa mtunga sheria ningeuweka vilevile.

DAFTARINI NA KWENYE KIOO

Lakini kuna kitu hapa ambacho sheria haiwezi kukirekebisha, na ndicho ninachotaka ukikumbuke ukisahau mengine yote.

Daftarini, saa ya mtoto imetimia. Kwenye kioo, mtoto hakuiona. Na alichokiona badala yake si kioo cheupe. Ameona moshi, damu, watu wanakimbia, mtangazaji mwenye sauti ya hofu. Yaani siku ambayo mtoto anahitaji zaidi mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake ndiyo siku ambayo kipindi chake kinaondolewa, na mahali pake panawekwa picha ambazo hakutengenezewa yeye.

Kwenye tornado tangazo linachukua muda mfupi, kisha ratiba inarudi. Lakini kuna dharura za siku nyingi. Rais John F. Kennedy alipouawa Novemba 22, 1963, mitandao mikubwa ya TV ya Marekani iliacha ratiba zake kwa takriban siku nne. Septemba 11, 2001, ndege zilipogonga majengo ya New York na karibu na Washington, mitandao hiyo ilitangaza habari hizo tu kwa takriban siku nne, bila hata tangazo la biashara. Habari mpya hazitoshi kujaza siku nne. Kwa hiyo picha zile zile zinarudiwa tena na tena.

Sisi tunajua picha imerudiwa. Mtoto mdogo hajui. Baada ya Septemba 11 wataalamu wa watoto walieleza kwamba watoto wadogo, kila walipoona ndege inagonga jengo, waliweza kudhani ni ndege nyingine na jengo jingine. Hebu fikiria: kwako wewe majengo yaliyoanguka ni mawili, kwa mdogo wako ni hamsini, na yanaendelea kuanguka.

KINACHOTOKEA MWILINI

Ukiona hatari, mwili hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kortisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakimbia. Huu ni ulinzi wa asili. Shida inakuja pale mwili unapopewa ishara ya hatari saa baada ya saa wakati hakuna pa kukimbilia, maana hatari iko kwenye kioo.

Siku chache baada ya Septemba 11, watafiti waliwapigia simu watu wazima 560 sehemu mbalimbali za Marekani. Wenye watoto waliulizwa pia habari za watoto wao wa miaka 5 hadi 18. Ilionekana kuwa siku ile watoto walitazama TV kuhusu mashambulizi kwa wastani wa saa 3, na asilimia 35 walikuwa na angalau dalili moja ya msongo. Wengi wao walikuwa mamia ya kilomita kutoka New York. Hawakuona moshi kwa macho yao wala hawakumpoteza mtu.

Miaka 12 baadaye, mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston mwezi Aprili 2013. Utafiti kwa watu wazima ulionyesha kwamba waliofuatilia habari za tukio lile kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walikuwa na msongo mkubwa hata kuliko watu waliokuwepo pale palipolipuka.

Hapa tuwe waangalifu kama tunavyofundishwa darasani. Utafiti wa aina hii unaonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba TV peke yake ndiyo iliyoleta msongo, kwani huenda mwenye hofu tayari ndiye anayetazama zaidi. Hata hivyo ushauri unabaki ule ule: kukodolea macho picha za maafa siku nzima hakumsaidii mtu.

Zifahamu dalili kwa mtoto: kukojoa kitandani baada ya kuacha, kumng'ang'ania mama, ndoto mbaya, kuumwa tumbo bila sababu, kucheza michezo ya kuua au kuanguka kila mara. Kwa rika lako: hasira za haraka, kukosa usingizi, kushindwa kusoma, au kujifanya hujali kabisa. Dalili nyingi hupungua zenyewe katika siku au wiki chache. Zikipita mwezi, au mtoto akishindwa kula, kulala au kwenda shule, mpelekeni kituo cha afya. Si kwamba amerogwa, na wala si kwamba anadeka.

WALIOKUMBUKA WATOTO

Usidhani wote walisahau. Juni 1968 Seneta Robert Kennedy alipigwa risasi na kufariki. Fred Rogers, mtangazaji mpole wa kipindi cha watoto, hakunyamaza. Tarehe 7 Juni, siku moja tu baada ya kifo hicho, alirusha kipindi maalum cha kuwaeleza wazazi namna ya kuzungumza na watoto wao. Ndani yake kikaragosi cha chui milia kiitwacho Daniel kinauliza maana ya neno lile gumu ambalo watu wote wanalitaja, yaani mauaji ya kiongozi. Ni swali ambalo watoto wengi walikuwa nalo na hawakuwa na wa kumuuliza.

Septemba 11, 2001, wakati vituo vingi vimejaa moshi, kituo cha watoto cha Nickelodeon kiliendelea na katuni zake. Hakikulazimishwa na sheria ya saa tatu, kwa sababu sheria ile inahusu vituo vinavyorusha kwa mawimbi ya hewani, na Nickelodeon ilikuwa ya kulipia. Siku zilizofuata kikaandaa kipindi cha habari cha kuwaeleza watoto kilichotokea kwa lugha yao. Mwanzoni mwa 2002, Sesame Street walionyesha moto mdogo wa jikoni dukani, kikaragosi Elmo akaogopa sana, kisha akapelekwa kwa wazima moto akaona kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuokoa wengine.

Waliofanya hivi hawakusimamishwa na tume yoyote. Walijiuliza tu: leo mtoto anaona nini, na anaelewa nini?

WEWE UFANYE NINI?

Huku kwetu pia tumepitia siku za namna hiyo. Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa. Nairobi tena, Septemba 2013, jengo la Westgate liliposhambuliwa na TV zikatangaza kwa siku kadhaa. Na leo dharura haiji kwa TV peke yake. Inakuja kwenye simu ya baba, kwenye makundi ya WhatsApp, bila mhariri na bila onyo. Huko hakuna saa tatu za mtoto wala alama ya E/I. Kuna wewe.

1. Muulize kwanza. "Umesikia nini?" Mtoto anaweza kuwa anajua zaidi ya unavyodhani, tena amekijua kwa makosa. Ukianza kueleza wewe, unaweza kumwongezea hofu ambayo hakuwa nayo.

2. Mwambie ukweli kwa kifupi. "Mtu mbaya aliwaumiza watu. Ni mbali na hapa. Polisi na madaktari wanawasaidia." Kama ni karibu, usidanganye kwamba ni mbali. Mwambie mnachofanya ili muwe salama.

3. Mweleze kuhusu kurudiwa. "Picha hii ni ile ile ya asubuhi. Haijatokea tena." Sentensi hii ndogo inaondoa hofu kubwa.

4. Zima TV wakati hakuna jipya. Ukiwa mdogo kwa wazee huwezi kuchukua rimoti, si adabu. Lakini unaweza kumwambia baba kwa heshima: "Baba, naomba nimpeleke huyu nje, picha hizi zinamtisha." Au pendekeza wasikilize redio. Habari ni zile zile, picha hazipo.

5. Usisambaze picha za maiti au majeruhi. Simu yako ni kituo cha kurusha matangazo, na mhariri wake ni wewe.

6. Mpe saa yake. Kipindi chake kimeondolewa? Basi kitengeneze wewe: hadithi, rede, kuchora, kukoroga uji pamoja. Mtoto akiona ratiba yake ya kila siku bado ipo, anaamini kwamba dunia bado ipo.

7. Usijisahau. Nawe ni kijana, si mashine. Weka muda wako wa kufuatilia habari, kwa mfano nusu saa jioni, kisha basi. Usingizi ukikukimbia, zungumza na mwalimu wa malezi, mzazi, au rafiki unayemwamini.

NILICHOMJIBU

Siku ya tatu, mpendwa msomaji, nilimchukua yule mtoto tukakaa kibarazani. Nikamuuliza anadhani nini kimetokea. Akasema kuna ugonjwa umeingia ndani ya TV, umeua watu wote wa katuni, na sasa utatoka uje kwetu. Siku mbili nzima alikuwa amelala na wazo hilo peke yake, na sisi wakubwa tumejaa nyumba nzima!

Nikamwambia: "Katuni hazijafa. Aliyefariki ni Rais wetu. Watu wana huzuni, ndiyo maana wanaimba hivyo. Wakimaliza, katuni zitarudi. Hakuna kitu kinachoweza kutoka kwenye TV."

Akafikiri. Kisha akauliza kama anaweza kupata chapati. Usiku ule kitanda kilikuwa kikavu.

Maongezi yale hayakuchukua hata dakika kumi. Sheria ya Marekani inataka saa 3 kwa wiki, nazo huondolewa pale dunia inapotikisika. Dakika zako kumi hazihitaji leseni, na hakuna habari ya dharura inayoweza kuzikata. Siku kioo kitakapobadilika ghafla nyumbani kwenu, tazama kwanza kule chini, kwenye mkeka, alipokaa mdogo wako.